Mzee Kambare Hajui Kuvua

Katibu wa mtaa alipokuja kumwomba, mzee alisema, "Haya." Kusema kweli hakusikia vizuri ameombwa nini. Tangu mkewe azikwe, miezi saba sasa, neno lililomtoka kwa urahisi lilikuwa hilo moja. Shemeji yake alikuja akasema atachukua cherehani ya marehemu, isije ikashika kutu. Haya. Mwenye duka akasema mkate huu ni wa jana lakini unalika. Haya. Binti yake akasema kitanda kile kikubwa cha nini kwa mtu mmoja, wakibadilishe. Haya. Kikatoka kitanda, kikaingia kingine, naye akawa analala humo kama mgonjwa aliyelazwa wodini.

Ndipo akaja Katibu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mbali hata akiwa nao karibu, daftari kwapani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akasema halmashauri imetoa ruhusa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watoto wa mtaa watakwenda bwawani kuvua. Bure. Ndoana bure, mishipi bure, chai bure.

"Watoto wetu wanakunywa maji ya bwawa lile tangu wazaliwe, mzee, na hawajui hata samaki wake wanafananaje. Sasa nani wa kuwafundisha kama si Mzee Kambare?"

"Haya," mzee akasema.

Katibu akaandika, akaondoka kabla chai haijachemka.

Mzee alibaki ameangalia sakafu. Ilikuwa ya saruji, ameimimina mwenyewe, na juu yake zilikuwepo alama nne za miguu ya cherehani. Ilichukua muda neno limfikie. Ni kama mtu anayekata mti ng'ambo ya bonde: shoka unaliona limeshuka, mlio unakuja baadaye. Amekubali kufundisha watoto kuvua. Na yeye, Mzee Kambare, hajawahi kuvua samaki hata mmoja.

Mambo yalikuwa hivi. Yeye alikuwa mwashi. Miaka arobaini ya kushika saruji mbichi kwa mikono mitupu ilimwachia vidole vinene, vigumu, visivyojua moto wala baridi. Aliweza kuepua sufuria bila kitambaa, mkewe akamkemea, "Hivyo si vidole, ni vigingi." Mkewe alikuwa mshonaji. Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Vidole vyake yeye vilijua uzi hata taa ikizimika.

Mwaka ule halmashauri ilipojenga upya ukuta wa bwawa, mzee alikuwa kwenye kazi hiyo. Ukuta ulipokwisha alimpeleka mkewe, siku ya mapumziko, akaone kazi ya mumewe. Akasimama pale kifua mbele, anangoja kusifiwa. Mkewe aliutazama ukuta mara moja, akasema umenyooka. Kisha akainama kutazama maji. Akainama muda mrefu. Wiki iliyofuata akataka warudi, na mkobani mwake mlikuwa na kibiringo cha uzi uliokwisha, amekizungushia mshipi, na ndoana amekwenda kununua mwenyewe bila kumwambia mtu.

Ikawa ndivyo, miaka kumi na tisa. Kila Jumamosi alfajiri, upande wa nyuma ya nyumba ya pampu, pasipopita mtu. Mkewe anavua. Mzee amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kazi yake ni kuchimba minyoo na kumtoa samaki kwenye ndoana, maana miiba ya kambare haikumuumiza. Jua likipanda wanarudi. Mshipi umo mkobani, hauonekani. Mwanamke na mkoba wake na mwavuli, utadhani anatoka sokoni. Ndoo ni nzito, ndoo abebe mwanamume. Basi mtaa uone nini? Uliona mwanamume na ndoo ya samaki. Macho hayana pazia, lakini hayaoni kilicho ndani ya mkoba.

Wakamwita Mzee Kambare. Mara ya kwanza alikataa, akasema, "Si mimi, ni huyu," akionyesha nyuma yake. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe naye akacheka. Walipoingia ndani akamwambia, "Waache. Wakijua ni mimi watapanga foleni mlangoni, huyu suruali, huyu samaki. Jina libebe wewe, si ndiye mbebaji." Ukawa utani wao. Akitaka kumchokoza jioni anasema, "Kambare wangu mimi, hajawahi kushika hata dagaa."

Utani wa watu wawili, mmoja akifa, unabaki kuwa uongo.

Na uongo wenyewe ulikwisha kusomwa makaburini. Wasifu wa marehemu aliuandika binti yao, akausoma mbele ya watu: alikuwa mshonaji hodari, mcheshi, mpishi mzuri wa samaki alioletewa na mumewe. Mzee alikuwa amesimama hapohapo, mikono nyuma. Alisikia. Siku ile hakuwa na neno hata la kuomba maji.

Sasa akisimama bwawani mbele ya watoto wa mtaa mzima, kama mvuvi, uongo huo atakuwa ameumalizia yeye. Hatabaki mtu wa kujua kwamba mwanamke yule alikuwa na kitu chake kingine zaidi ya cherehani.

Binti yake alikuwa akija kila Jumatano na mfuko wa mboga. Jumatano ile mzee alimwambia akiwa jikoni.

"Jumamosi nitawaambia."

"Utawaambia nini, baba?"

"Kwamba alikuwa anavua mama yako."

Binti akaacha kukata vitunguu. "Baba, mimi nilisimama kaburini nikasema mpishi."

"Nilisikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia."

Binti akafuta pua kwa mkono wenye kisu. "Nilikuwa najua," akasema. "Nilijua kabisa. Lakini nilipokaa kuandika nikaandika kama watu wanavyosema. Nikaona ndivyo wasifu unavyoandikwa." Akakata kidogo, akaacha tena. "Sasa ukienda kusema Jumamosi itakuwaje? Watasema mzee kachanganyikiwa, au watasema binti yake mwongo. Na mama mwenyewe alitaka iwe hivyo. Acha tu, baba. Waonyeshe watoto mawili matatu, unywe chai, urudi nyumbani."

"Siwezi kuwaonyesha. Sijui."

"Umekaa pale miaka yote hiyo, hujui?"

"Anayemsogezea fundi matofali, anajua kujenga?"

Binti akashika kisu tena. Akamaliza vitunguu. Chakula kikaiva, wakala, hilo jambo halikuguswa tena. Mzee hakusikia ladha ya kitu, ila hiyo ilikuwa hali ya siku zote.

Ijumaa alikwenda kunyolewa. Kinyozi wa kona alikuwa amemnyoa miaka mingi, na miaka yote hiyo swali lake lilikuwa moja: siri ya kambare ni nini? Mzee alikuwa na jibu moja, alilofundishwa na mkewe: subira. Kinyozi alikuwa amelichoka.

"Kesho ndiyo kesho, mzee wangu," kinyozi akasema. "Unanipa siri leo, au nikukate sikio?"

"Hakuna siri. Mimi si mvuvi."

"Unaona? Ndiyo maana nakupenda. Wavuvi wote ni waongo, lakini wenzako wanadanganya kwa kuongeza. Wewe peke yako unadanganya kwa kupunguza."

"Alikuwa anavua mke wangu."

"Na mimi hapa ananyoa mke wangu," kinyozi akasema, akamgeuza kichwa kama anayegeuza tikiti kwenye meza ya sokoni. Wateja waliokaa benchi wakacheka. Mzee aliutazama uso wake kwenye kioo. Ulikuwa umetulia. Uso wa mtu anayengoja kuitwa dirishani hospitalini.

Jumamosi ilifika bila kumwuliza mtu. Mzee akavaa shati alilopigiwa pasi na binti yake, akaenda kwa miguu.

Bwawa lilikuwa palepale. Hakuwa amelitia machoni tangu kabla mkewe hajalazwa. Alidhani akiliona kitatokea kitu kifuani. Hakikutokea. Maji ni maji. Ukuta umenyooka. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye nguzo nne, na chini yake viti vya plastiki na pipa la chai. Hatua mbili kutoka maji yanapoanzia palichorwa mstari wa chokaa, mtoto asiuvuke. Watoto walikuwa thelathini na nne. Katibu aliwahesabu mara tatu, akapata thelathini na tatu, thelathini na tano, na thelathini na nne, akaona achukue ya katikati.

Wazazi walisimama nyuma, kinyozi miongoni mwao. Binti wa mzee alikuwa kwenye pipa, anagawa chai.

Katibu akashika kipaza sauti, ambacho hakukihitaji.

"Wazazi, watoto, huyu hapa hana haja ya kutambulishwa. Nani asiyemjua Mzee Kambare? Nani hapa hajawahi kunusa ndoo yake ikipita?" Watu wakapiga makofi. "Sasa mzee ataanza kwa kutufungia ndoana ya kwanza. Watoto, tazameni mikono ya mzee."

Watoto wakaitazama mikono ya mzee.

Ndoana ilikuwa ndogo kama ukucha wa mtoto. Kwamba mshipi unapita kwenye tundu, hilo alilijua. Akaupeleka. Haukupita. Akaupeleka tena. Vidole havikumwambia mshipi uko wapi, wala kama bado anao. Mara ya nne ndoana ikamponyoka ikaangukia nyasini, na watoto watatu walioinama kuiokota wakagongana vichwa.



"Mpeni kiti," mtu akasema.

"Sitaki kiti," mzee akasema. Kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wake, sauti ikatoka kubwa kuliko alivyozoea. "Sijui kufunga ndoana. Sijawahi kuvua. Aliyekuwa anavua ni mke wangu. Samaki wote mliowaona ni wake. Mimi nilibeba ndoo."

Ndiyo hayo. Alikuwa ameyapanga siku kumi, yakaisha kwa pumzi moja.

Wangecheka, afadhali. Hawakucheka. Wanawake wawili wakashika mashavu. Mtu mmoja akasema taratibu, "Maskini, alimpenda sana mkewe." Kinyozi akavua kofia. Katibu akamwondolea kipaza sauti polepole, kama unavyomtoa mtoto kisu mkononi, akasema, "Mzee wetu bado ana majonzi. Tumpe pole." Wote wakasema pole kwa pamoja, kama wako darasani.

Mzee akamtafuta binti yake kwa macho. Binti alikuwa anamimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Hakuinua uso.

Wakamkalisha chini ya turubai, wakampa chai yenye sukari nyingi. Mfiwa habishiwi, anaitikiwa tu. Maneno yake yalikuwa yamepokelewa kama kikohozi.

Kinyozi alijitolea kushika kazi. Kazi ikawa ya kinyozi. Fundo alilolijua lilikuwa lile la kufungia mbuzi, na kwenye mshipi mwembamba halikushika hata chembe. Ndoana tano zilizama zenyewe, zimeacha mishipi mikononi mwa wenyewe. Ya sita ilikwenda nyuma badala ya mbele, ikakamata kitambaa cha kichwani cha Katibu, ikabidi watu wawili waitoe na Katibu amesimama wima kama nguzo ya umeme. Watoto wadogo wakaanza kurusha mawe majini. Mama mmoja akasema wangewaletea mpira tu.

Msichana wa miaka tisa hivi, mwenye pengo mbele, akaja mpaka kwenye kiti cha mzee. Mkono mmoja ndoana, mkono mwingine mshipi uliozungushwa kwenye chupa tupu.

"Babu, huyo bibi alikuwa anafungaje?"

"Si nimesema sijui kufunga."

"Wewe hujui. Yeye alikuwa anafanyaje?"

Mzee akamtazama. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, wala yeye hakuwahi kujiuliza. Akafumba macho. Akaona vidole. Uso hakuuona, uso ulikuwa umeanza kumpotea. Vidole vilikuwepo.

"Alikuwa anakaa kwanza," akasema. "Chini. Miguu ameinyoosha."

Msichana akakaa, akanyoosha miguu.

"Ndoana anaichomeka hapa, kwenye pindo la gauni, juu ya goti. Isimtoroke. Halafu mshipi anaulamba ncha, kama anatunga sindano."

"Nimelamba."

"Anapitisha kwenye tundu. Halafu ile ncha anaizungusha juu ya mshipi wenyewe. Alikuwa anahesabu. Hatoi sauti, midomo inacheza tu. Saba."

Msichana akahesabu kwa sauti mpaka saba.

"Ncha inarudi sasa. Inaingia kwenye kale kajicho kalikobaki, pale karibu na tundu."

"Haka?"

"Nadhani hako. Anatema mate kidogo hapo." Msichana akatema. "Si mengi hivyo. Sasa anavuta. Taratibu, taratibu. Halafu ghafla."

Fundo likajikunja, likalala. Msichana akalivuta kwa nguvu zake zote, akajaribu kwa meno. Likashika.

Akakimbia kuwaonyesha wenzake. Haukupita muda wakawa wamekaa kumi na wawili mbele ya kiti cha mzee, miguu wameinyoosha, ndoana zimechomekwa kwenye nguo za Jumamosi. Mzee akarudia. Alikuwa anakaa. Alikuwa analamba. Alikuwa anahesabu saba. Kisha akainuka, akatembea kutoka mtoto mmoja hadi mwingine kwenye mstari wa chokaa, mikono nyuma, hagusi mshipi wa mtu. Chubwi, ile risasi ya kuzamishia, mkewe alikuwa anaifunga mbali na ndoana, kiganja kizima. Mkate wa chambo alikuwa anaukanda na mafuta kidogo mpaka uache kushika mkononi. Minyoo kwa kambare, mkate kwa perege. Alikuwa hasemi kwa sauti karibu na maji.

"Babu, nitajuaje kama amekula?" mtoto mmoja akauliza.

"Mshipi alikuwa anaulaza hapa, juu ya kidole cha shahada. Anatulia. Alikuwa anasema, samaki akibisha hodi, mwache. Akishika kitasa, vuta."

Maneno hayo yakapita kwenye mstari, mtoto kwa mtoto, kwa kunong'ona. Anabisha hodi. Bado, bado. Kanyamaza. Shika, kashika kitasa.

Msichana mwenye pengo akavuta. Akatoka perege wa kiganja, anapigapiga hewani, na watoto wote wakavuka mstari wa chokaa kwa pamoja, Katibu akawarudisha kwa sauti yake tu. Mzee akapiga goti, akamtoa samaki kwenye ndoana. Kazi hiyo aliijua.

"Mdogo huyu," akasema. "Wadogo alikuwa anawarudisha. Anawaambia, nenda kakue, uje na wenzako."

Msichana akamwambia samaki aende akakue. Akamrudisha.

Mpaka jua kuwa kali walitoka samaki kumi na mmoja. Kambare mmoja tu, wa mkono mzima. Mzee alikuwa amemtaja mkewe kwa saa tatu mara nyingi kuliko alivyomtaja kwa miezi saba. Hakusikia uchungu. Hakusikia nafuu pia. Alisikia miguu inauma.

Kinyozi akaja kusimama karibu naye. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Mzee wangu. Kwa hiyo zile ndoo zote..."

"Zake."

"Na wewe?"

"Nilibeba."

"Na ile subira?"

"Alinituma."

Kinyozi akatikisa kichwa. "Miaka yote hiyo nimemnyoa mpagazi, nadhani namnyoa mvuvi. Ningejua ningekwenda kumbembeleza Mama Cherehani. Nilimpelekea suruali mara ngapi, nasimama mlangoni nazungumza habari za kiuno!"

Mzee akamtazama. "Alikuwa anakucheka," akasema. "Ukiondoka."

"Alikuwa na haki," kinyozi akasema.

Lakini kinyozi ni mtu mmoja, na kinyozi akisema jambo watu hungoja kicheko. Watu wazima wengine walikuwa wanakunja viti, na kila aliyepita alimshika mzee bega akamwambia kazi nzuri, Mzee Kambare. Kazi nzuri, mvuvi wetu. Watoto umewaivisha.

Katibu akaja na daftari na kidau cha wino. "Hapa mzee, dole lako. Ni ripoti ya halmashauri."

"Imeandikwa nini?"

"Ya kawaida tu."

"Nisomee."

Katibu akasoma. Mafunzo ya uvuvi yalitolewa na mzee fulani bin fulani, mvuvi mzoefu wa mtaa huu.

"Siweki dole."

Katibu alidhani hakusikia vizuri. Akasogeza kidau. Mzee akarudisha mkono nyuma.

"Mzee, hii ni karatasi tu."

"Wasifu nao ulikuwa karatasi tu."

Kwenye pipa la chai vikombe viliacha kugongana.

"Sasa mzee wangu, nitaandikaje?" Katibu akapunguza sauti, ikawa sawa na ya watu wengine. "Niandike mafunzo yalitolewa na marehemu? Wataniuliza marehemu alifikaje bwawani."

"Waambie alifika kabla yao."

"Na nani anathibitisha? Usinielewe vibaya, mzee. Mtu akifiwa, mapenzi yanamfanya aseme mengi. Mimi mwenyewe mama yangu alipofariki nilimwona kama malaika, na sote tunamjua alivyokuwa."

"Mimi nathibitisha."

Binti wa mzee alikuwa amesimama nyuma yao, taulo ya vikombe begani.

"Mama ndiye alikuwa anavua," akasema. "Baba hajawahi. Pale kaburini nilisoma uongo, na nilipouandika nilijua ni uongo."

Hakusema kwa sauti kubwa. Alisema kama mtu aliyeulizwa saa. Lakini waliokuwa wanakunja viti waliacha, na wale wanawake wawili walioshika mashavu asubuhi wakatazamana. Mmoja alikuwa ameshonewa sare za watoto wake wote na Mama Cherehani, na hakuna siku aliyomwuliza lolote zaidi ya lini zitakuwa tayari.

Katibu akamtazama binti. Akamtazama mzee. Akatoa rula mkobani, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akayakata maneno yale kwa mstari ulionyooka sawasawa. Akaanza kuandika. Akaandika muda mrefu, akauliza majina ya marehemu, binti akamtajia.

"Tayari," akasema.

Mzee akamwita msichana mwenye pengo. "Nisomee wewe."

"Huniamini, mzee?" Katibu akasema.

"Nakuamini. Lakini huyu hana ripoti ya kupeleka kokote."

Msichana akaweka kidole chenye harufu ya samaki chini ya mstari, akasoma kwa kukwama.

"Mafunzo... yametolewa kwa njia za marehemu..." Akasoma majina ya mkewe, yote matatu. Mzee hakuwa ameyasikia pamoja tangu yasomwe kaburini. "Mvuvi na mshonaji wa mtaa huu. Yameelezwa na mumewe, ali... aliyekuwa mbeba ndoo wake."

"Hilo la ndoo, Katibu, hukuwa na haja ya kuandika," binti akasema.

"Liache," mzee akasema. Akamgeukia msichana. "Rudia."

Msichana akarudia, safari hii bila kukwama.

Mzee akachovya dole kwenye wino, akaligandamiza pale alipoonyeshwa. Akangoja kidogo, kama kuna kitu kitakuja kifuani. Upepo ulikuwa unapiga turubai. Akafuta dole kwenye nyasi, wakaondoka kwa miguu, yeye na binti yake.